Mdogo Wangu kwa Kisinhala

Kisinhala nilijifunzia Maskati, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, nikikunja mashuka na mwanamke kutoka Galle, Sri Lanka. Nilimwita Akka, yaani dada mkubwa. Yeye aliniita Nangi, dada mdogo. Kiarabu chetu kilitosha kuombea maji, Kiingereza kumjibia msimamizi. Tukitaka kuzungumza hasa, ilibidi mmoja aingie kwenye lugha ya mwenzake.

Tulianza na mage. Mage pota, kitabu changu. Mage amma, mama yangu. Nikauliza linabadilikaje. Halibadiliki. Mimi niliyekulia kwenye changu, langu, wangu na yangu, nikashusha pumzi. Kwa mtu mwingine unabandika -ge mwishoni: ammage pota, kitabu cha mama. Ila -ge ni ya wenye uhai. Mguu wa meza ni mese kakula, bila -ge. Hiyo meza yao, kama yetu, ilitoka kwa Wareno.

Kilichonishinda ni "nina". Sisi tunakuwa na kitu. Kwao kitu kipo, na kipo kwangu: mata salli tiyenawa, kwangu pesa zipo. Siku moja Akka akaniuliza kama nina mdogo wa kiume. Nikajibu haraka: mata malliyek tiyenawa.

Alicheka hadi akaweka shuka chini. Tiyenawa ni ya pesa, vitabu, nyumba. Mtu, hata mbwa, ni innawa, neno lilelile la kukaa mahali. Mata malliyek innawa. Kwangu mdogo yupo.

"Rudia," akasema.

Sikurudia. Mdogo wangu alifariki kwa ajali ya bodaboda mwaka mmoja kabla sijasafiri. Nilishazoea kuwaambia watu kwamba ninaye, maana "nilikuwa naye" huleta maswali.

"Na kama hayupo?"

"Mata malliyek nae," akajibu, mikono ikiendelea kukunja. Nae ni hakuna. Hutumika kwa pesa na kwa mtu, bila kubagua. Kisha akaniangalia usoni, akaacha kukunja. Akatoa neno lingine, polepole: hitiya. Alikuwepo. Mata malliyek hitiya.

Hilo nililirudia.

Usiku niliyaandika yote daftarini. Nae yao hutamkwa kwa mdomo uliopanuka, si kama yetu, lakini kwenye karatasi herufi ni zilezile. Kwao, hayupo. Kwetu, mtu akiandika "niko nae", yupo, tena karibu. Nililitazama neno hilo muda mrefu, nikashindwa kuamua nilisome kwa lugha gani.

Kesho yake, tukiwa tumeshika pembe za shuka moja, Akka akaniuliza mdogo wangu aliitwa nani.

"Mage malli," nilianza, na hapo hakunisahihisha.