Tai Amezidi Sifa, Mimi Niko Timu Biva

Wasee, tangu niache chuo nimetumiwa ile video ya tai si chini ya mara kumi. Mnaijua. Ati tai akifika miaka 40 anapanda mlimani, anavunja mdomo kwa mwamba, anang'oa kucha na manyoya, anangoja viote upya, halafu anaishi miaka 30 mingine. Anko wangu aliituma kwa grupu ya familia na maneno mawili: "Jifunze kitu."

Manze, huo ni uongo. Tai bila mdomo atakula aje? Na yule wa Marekani mwenye kichwa cheupe, ndiye huwekwa kwa picha za motisha, porini huishi miaka 20 hadi 30 hivi. Hiyo 40 hafiki. Kuvua samaki anajua, sikatai, lakini pia hupora ndege wengine walichovua, na mizoga anakula. Hata ile sauti kali unaskia kwa filamu mara nyingi si yake, ni ya mwewe fulani. Wamemdabu!

Sasa cheki biva. Ni mnyama wa jamii ya panya, anaishi majini na nchi kavu, kilo 20 hivi, meno ya rangi ya machungwa kwa sababu yana madini ya chuma. Meno hayaachi kumea, so lazima atafune. Usiku anaangusha miti, anaziba mto kwa matawi na tope. Huko Alberta, Kanada, kuna bwawa la biva lenye ukuta wa zaidi ya mita 700, na lilionekana kwa picha za setilaiti. Maji yakituama, samaki, vyura na bata wanapata makao bila kulipa kodi. Kanada ilimfanya alama rasmi ya nchi 1975, lakini bado sijaskia mhubiri akisema "kuwa kama biva."

Kilichonishika zaidi ni watoto. Tai mchanga anaruka kutoka kiotani akiwa na miezi 3 hivi. Biva hukaa kwao karibu miaka 2, akisaidia kukarabati bwawa na kulea wadogo, ndio aende kujenga kwake. Mimi niko 22, nalala kwa mathe, naedit video usiku, asubuhi namsaidia kubeba mboga hadi kibandani. Kwa anko, huyo ni kijana ameshindwa kuruka. Mwezi uliopita hizo video zililipa tokeni za stima za nyumba nzima.