Kamba Juu ya Mnyororo wa Nanga

Sisi watu wa pwani husifu mnyororo kwa nguvu zake, na ni haki, kwani mwamba hukata kamba upesi kuliko chuma. Lakini shemeji yangu, nahodha wa mashua ambayo ndiyo karo ya wanawe, huuogopa mnyororo ulionyoka.

Upepo ukiwa mdogo, mnyororo hulala chini na kufanya tumbo katikati. Wimbi likiinua omo, uzito wa tumbo lile huinuliwa kwanza, na nanga huvutwa polepole. Kusi ikivuma sana tumbo hutoweka, na chuma hakinyumbuki. Basi chombo cha tani nyingi husimamishwa mara moja, na kishindo chote huangukia kisiki na nanga. Mwaka jana, mwezi wa Juni, mashua ya jirani iling'olewa kisiki cha omo. Mnyororo wenyewe haukukatika hata pingili moja!

Watu hudhani maji machache ndiyo salama. Sivyo, maana mnyororo mfupi hauna tumbo la kutosha. Tena kwetu Tanga maji ya bamvua huweza kupanda kiasi cha mita 4. Penye mita 4 wakati wa kupwa patakuwa na 8 yakijaa. Ongeza 1 ya kufikia omo, ni 9. Aliyetoa mita 25, akihesabu mara tano ya kina cha kupwa pamoja na omo, usiku hana hata mara tatu. Atoe 45.

Juu ya hayo shemeji hutumia kamba ya nailoni, kitu kilichovumbuliwa Marekani mwaka 1935. Huchukua mita 10 hivi, ncha moja akaifunga kwa fundo katika mnyororo, ya pili katika kisiki. Kisha hulegeza mnyororo hata ukaning'inia, kamba ikabeba mvuto wote. Nailoni hunyumbuka, na mkutuo hugawanyika. Isiwe nene mno, maana kamba nene hunyumbuka kidogo. Ikikatika, mnyororo ungali umefungwa nyuma yake.

Nililala chomboni usiku mmoja wa kusi. Kabla ya kamba kufungwa, kila wimbi lilipiga kama nyundo chini ya kichwa changu. Baadaye nilisikia mlio mdogo tu, nikasinzia. Yeye aliamka mara mbili kupapasa kitambaa alichoizungushia kamba pale ipitapo juu ya ubao, asije akaikuta imelika.