Ndoo ya Asubuhi

Nafanya kazi na vijana wa Kikongo hapa Bwaise, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutafsiri. Mtu akienda polisi, shuleni au hospitali, ananiita. Kiswahili, Kiingereza, Luganda cha kubabaisha, nimezoea. Nilikuwa najisifu kwamba sijawahi kumharibia mtu maneno yake. Wa kwanza niliyemharibia ni mama yangu.

Mwaka jana mama alianza kusema vidole vya miguu vinakufa ganzi. "Ni baridi ya sementi," alisema, kwa sababu chumba chetu kiko bondeni, na mvua ikinyesha sana maji ya mfereji yanafika mlangoni. Tukaamini ni sementi. Usiku alikuwa anaamka kila saa kukojoa. Choo tunachotumia ni cha kulipia, shilingi 300, kimejengwa juu ya ngazi ili mafuriko yasikiingie, na usiku kinafungwa. Kwa hiyo mama alikuwa na ndoo nyuma ya pazia. Kila asubuhi mimi ndiye nilikuwa naimwaga. Hatukuwahi kuizungumzia ile ndoo. Mimi ni mtoto wa kiume, mambo ya haja ya mama si ya kuuliza.

Ganzi ilipozidi nikampeleka kliniki moja ya karibu. Daktari akaniuliza kwa Kiingereza kama mama anakojoa sana. Nikamwangalia mama, nikaona haya kumtajia neno hilo mbele ya mwanaume mwingine. Nikajibu mwenyewe: hapana. Mama akaniuliza, "Amesema nini?" Nikamwambia, "Anauliza kama unalala vizuri." Tukarudi nyumbani na dawa za maumivu na vitamini.

Tulikaa hivyo miezi mitatu. Siku moja mama anapika maharage, nikasikia harufu ya ngozi inaungua. Kaa la moto lilikuwa limeruka kutoka kwenye mbabula, ile hapa wanaita sigiri, likaingia kati ya kidole na kandambili. Mama anaendelea kukoroga tu. Hakusikia kitu. Wiki hiyo mvua ilinyesha, na kila anayeishi Bwaise anajua maji yetu yanabeba nini. Kidonda kikavimba.

Safari hii tulikwenda hospitali ya serikali. Mama aliogopa kwamba mkimbizi atadaiwa pesa nyingi. Lakini Uganda iliondoa malipo katika vituo vya afya vya serikali mwaka 2001, na mkimbizi anatibiwa humo kama raia. Tulilipa boda tu, na dawa moja tuliyoambiwa tukanunue famasi.

Muuguzi akauliza swali lile lile. Nikanyamaza kidogo, kisha nikasema huku naangalia sakafu: "Mama, anauliza usiku unakojoa mara ngapi."

Mama akacheka. "Ananiuliza mimi? Si ni wewe unamwaga ndoo kila asubuhi?"

Nikatafsiri na hilo pia.

Wakamtoboa kidole cha mkono, kipimo kikaonyesha milimoli 18.4 kwa lita. Kwa mtu mwenye dalili kama zake, ikifika 11.1 saa yoyote ya siku, hicho ni kisukari. Kesho yake, kabla hajala, ilikuwa 12.9, wakati 7 tu ingetosha kuthibitisha. Daktari akamwambia afumbe macho, akamgusa nyayo kwa uzi mgumu kama wa kuvulia samaki. Alitakiwa aseme "ndiyo" kila akisikia. Kwenye vidole vikubwa vyote viwili alikaa kimya, anangoja bado.

Daktari aliuliza pia kuhusu pombe na dawa za kifua kikuu, maana ganzi ina sababu nyingi, hata kupungukiwa vitamini B12. Halafu akaeleza. Sukari ikizidi kwenye damu, figo zinaitoa kwa mkojo, nayo inavuta maji mengi, ndiyo maana mtu anakojoa sana na kiu haimwishi. Ikikaa muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, na ile mirefu zaidi, inayofika vidoleni, ndiyo inatangulia.

Kidonda kilipona baada ya wiki saba. Ganzi haikuisha. Mama anakunywa metformini, anakung'uta viatu kabla ya kuvaa, na kila jioni namulika nyayo zake kwa tochi ya simu tuone kama kuna jeraha jipya.

Vijana wenzangu mnaotafsiria wazazi, hapo Nakivale, Kyangwali au hapa mjini: swali likikushinda kutamka, sema limekushinda, aitwe mama mwingine. Usijibu kwa niaba ya mtu. Na nyinyi wa mashirika na kliniki, mkisikia "hapana" kutoka kwa mtoto kabla mzazi hajafungua mdomo, ulizeni tena. Daktari wa kwanza aliuliza vizuri. Mimi ndiye niliyemnyima jibu, na nilikuwa nalijua.

Nimemsomea mama maandishi haya kabla ya kuyatoa. Amesema ni sawa, ila niongeze kwamba ile ndoo ilikuwa na kifuniko.