Aliyeonywa na Asiyeonywa

Miaka ya 2000 ikielekea ukingoni, saiba za Nakuru zilifurika kila Jumamosi. Nyingi zilikuwa ghorofani karibu na Kenyatta Avenue: kompyuta zimetengwa kwa mbao, shilingi moja kwa dakika, mwenye saiba akipitapita nyuma ya viti na kuona kila unachofungua. Intaneti ilikuwa mahali pa kwenda. Ukilipa na kushuka ngazi, umeiacha huko juu.

Msichana aliyekwenda saiba alitoka nyumbani na maonyo tele. Usimpe mtu namba. Usitume picha. Ukitongozwa na usiyemjua, funga. Mama, shangazi na mwalimu walisema yaleyale. Kaka yake aliyefuatana naye aliambiwa arudi kabla ya giza, basi.

Malezi hayo nayaona leo kwa wapwa wangu wa Lanet na Njoro, likizo inapowakutanisha kwa nyanya yao Molo. Akili unde imo ndani ya WhatsApp yenyewe, hawana haja ya kuitafuta. Wasichana huitumia kwa hadhari. Huiuliza mambo ya shule, wala hawaipi picha wala jina. Wavulana humwaga kila kitu: sura, shule wanakosoma, huzuni za usiku ambazo baba hajawahi kuzisikia. Siwalaumu. Mvulana aliyekuzwa akijua kulia ni aibu amepata cha kuongea nacho kisichomcheka. Asichojua ni kwamba maneno yale yanahifadhiwa na kampuni iliyo mbali, na huenda yakatumika kuifundisha mashine.

Ndiye huyohuyo anayenaswa na picha ya mrembo asiyekuwepo duniani, akatuma yake, kisha akatishwa na kutoa pesa kwa M-Pesa hadi karo ikaisha. Namba 116 ya Childline Kenya, ya msaada kwa watoto, hupigwa bure, na ni yake pia. Lakini atapigaje, ikiwa tangu utotoni hatari aliisikia ikitajwa kwa dada yake tu?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata hadhari ya msichana haimtoshi tena. Zamani aliyekataa kutuma picha alikuwa amejikinga. Sasa picha ya siku ya maombi ya watahiniwa, akiwa na sare yake kando ya mamake, inatosha. Mvulana wa dawati la nyuma anaitia kwenye programu, mashine inamvua nguo, darasa zima linaipokea. Kwake ni mzaha. Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2018 haikuziachilia picha za ngono za kubuni zinazomwonyesha mtoto, mradi zionekane halisi. Mvulana huyo hakuambiwa, kama ambavyo hakuambiwa lolote mlangoni wakati dada yake akiusiwa.

Siku hizi maonyo tunayatoa mezani, wote wakiwa wameketi. Likizo iliyopita mkubwa wa wavulana alibaki nyuma, akaniomba nimsaidie kufuta aliyoiambia mashine. Tukatafuta mahali pake kwenye simu, tukayafuta mazungumzo moja baada ya jingine.

"Na ile picha ya msichana wa darasa letu, Shangazi? Niliwatumia watu."

Hiyo ilikuwa tayari katika simu za wenzake.