Boriti kwa Mjenzi Usiyemjua

Baba yangu alikata mikoko Simba Uranga, mdomoni mwa Rufiji, enzi ambazo majahazi ya Ghuba yalikuwa bado yanaingia na kaskazi. Kusi ilipovuma yaliondoka na shehena ya miti kwenda Maskati na bandari nyingine ambako miti ya kujengea ni adimu. Baba hakuvuka bahari hata siku moja. Lakini alijua fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kila jina na unene wake, na korja yake ilikuwa miti 20 kamili. Mjenzi wa ng'ambo aliagiza kwa jina tu, akapata alichokitaka. Hata vyumba vya nyumba za mawe za Unguja na Lamu vilikuwa vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti.

Mimi sikushika shoka. Nilisoma, nikaajiriwa Dar es Salaam kuandika programu za kompyuta, na sasa nimestaafu, niko Kibiti. Vijana huja barazani kwangu na kompyuta zao. Wengi wanatengeneza programu-jalizi za WordPress: mmoja anataka muuza kamba apokee oda kwenye tovuti, mwingine anashughulikia malipo ya simu. Kizazi hiki kina wepesi ambao sisi hatukuwa nao. Sisi tulingoja zamu ya mashine. Wao hujifunza usiku kucha, asubuhi wana kitu cha kuonyesha.

Ila nikifungua faili, moyo unashuka. Mstari huu umeanza kwa nafasi mbili, ule kwa tano. Fankisheni moja inaitwa x, jirani yake x2. Nikiuliza, najibiwa: "Babu, mbona inafanya kazi?"

Inafanya kazi leo, kwenye tovuti yako. Chukua suala la majina. Ukiita fankisheni yako "hifadhi", na programu-jalizi nyingine kwenye tovuti hiyohiyo ikawa na "hifadhi" yake, PHP, lugha ambayo programu-jalizi hizo huandikwa kwayo, haikubali. Ukurasa wa mteja unakufa, naye hajui amekosa nini. Ndiyo maana WordPress inataka jina kama hilo litanguliwe na kiambishi cha pekee, kwa mfano jina la programu-jalizi yenyewe. Au ile kanuni ambayo vijana wengi huiona ya ajabu, ya kuandika thamani kwanza na kigeu baadaye. Unapolinganisha idadi na 20, anza na 20. Ukisahau kurudia alama ya usawa ukabakiza moja tu, PHP itakataa palepale. Ungeanza na kigeu, ingeifanya idadi kuwa 20 kimyakimya, na ungehangaika siku mbili kutafuta kosa.

Kanuni nyingine ni makubaliano tu. Mistari ya ndani husogezwa kwa kitufe cha Tab. Mkono wangu umezoea nafasi nne na bado unazitaka, lakini nikiandikia WordPress nabonyeza Tab, kwa sababu atakayeufungua msimbo huo baada yangu hanijui, na hana haja ya kuijua tabia ya mkono wangu.

Siwalaumu vijana peke yao. Katika ofisi moja niliyofanyia kazi, mimi pekee ndiye niliyeuelewa mfumo wa mishahara nilioandika. Nilipohama, waliobaki hawakuweza kuusoma. Wakautupa, wakaanza upya. Wakati ule niliona fahari kuwa mtu asiyeweza kuachwa. Leo najua niliwapotezea wenzangu kazi ya miezi mingi. Kizazi changu kiliweka ujuzi kichwani, kikazeeka nao, kisha tunashangaa watoto hawana utaratibu. Wangeupata kwa nani?

Wao wana msaada ambao sisi hatukuwa nao. Programu ya PHP_CodeSniffer, ikiwekewa kanuni za WordPress, husoma faili zima na kutaja mstari wenye kasoro, bila malipo. Mara ya kwanza itakutolea makosa mengi hadi uone haya. Vumilia, rekebisha moja baada ya jingine.

Mjukuu wangu, usiku wa leo kabla hujafunga kompyuta, lipitishe kwenye PHP_CodeSniffer lile faili ulilomaliza wiki iliyopita. Kisha juu ya kila fankisheni andika inapokea nini na inarudisha nini. Kesho uje nalo barazani, tulisome pamoja.