Bububu kwa Gari: Nani Kapandisha Sauti?

Mwambie mtu wa Dar kwamba wikiendi hii unakwenda Zanzibar, swali lake la kwanza litakuwa: Nungwi au Paje? Hakuna anayeuliza Bububu. Wala sishangai. Bububu iko kilomita kumi hivi kaskazini ya Mji Mkongwe. Ni pahala pa watu kuishi: asubuhi wanateremka mjini kazini, jioni wanarudi, na daladala ya 502 imekuwa yao miaka nenda miaka rudi. Si pa kupigia picha za fungate.

Lakini kama mna gari, iwe yenu, ya kuazima au ya kukodi, na mna Jumapili moja tu mkononi, mimi naipigia kura Bububu. Na sababu yangu haihusu macho. Inahusu masikio.

Jina lililotokana na sauti

Uliza Bububu maana yake nini, wengi watakwambia ni mlio wa treni. Na treni kweli ilikuwepo. Kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ilijenga reli ya maili saba hivi kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, ikaanza kazi mwaka 1905, ikipita kwenye mitaa myembamba karibu kabisa na milango ya watu. Mwaka huo huo ndipo ilipoanzishwa klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa. Treni na klabu ni watoto wa mwaka mmoja. Ila treni iliacha kubeba abiria miaka ya 1920, na klabu imeendelea kupiga.

Hadithi ya treni ni tamu, lakini hesabu inaikataa. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa kasri la Mtoni mwaka 1844 na kuondoka kisiwani mwaka 1866, anaitaja Bububu katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka Ujerumani mwaka 1886. Hiyo ni miaka 19 kabla ya treni kupiga honi ya kwanza! Kwa hiyo wale wanaosema jina limetokana na maji ya chemchemi yanavyobubujika wana hoja nzito zaidi. Tena ni upande huo huo ambako Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alivuta maji safi ya kunywa hadi mjini.

Basi ni mji uliobatizwa na sauti. Na ukilitazama jina vizuri, ndani yake mna neno "bubu". Kelele na ukimya ndani ya neno moja. Likumbuke hilo, tutalihitaji huko mbele.

"Umeongeza?" "Mimi? Sijagusa!"

Tulitoka Malindi saa nne asubuhi. Ukipita Bwawani hadi Maruhubi, gari zinakwenda kwa kusukumana: daladala inasimama bila taarifa, mwenye baiskeli kabeba nazi, boda anapenya kama maji. Spidi ishirini, thelathini. Redioni tulikuwa na taarab ya zamani, ile ya udi na kanuni, ya mtu kusikiliza kwa kutulia.

Kufika mbele ya Mtoni njia ikafunguka, mume wangu akakanyaga mafuta. Muziki nao ukapanda. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye usukani, na mimi yangu ilikuwa imeshika mfuko wa ubuyu. Tukatazamana. Njia nzima ya Kibweni mpaka Beit el Ras tulishutumiana kwa raha zetu. Tulipokaribia njia panda ya Bububu na kupunguza mwendo, sauti ikashuka yenyewe, taratibu, kama mtu aliyeona aibu.

Si jini, msomaji. Ni kifaa. Gari nyingi kisiwani ni Toyota zilizotumika Japani kwanza, na nyingi kati ya hizo zina kitu ambacho kwenye menyu ya redio kimeandikwa herufi tatu tu: ASL. Waya mmoja unaipa redio habari ya mwendo wa gari. Ukiongeza mwendo, redio inajua kelele zimeongezeka ndani, nayo inajipandisha kidogo. Ukipunguza, inajishusha. Kwa kawaida unaweza kuchagua ipande kwa kiasi gani, au kuizima kabisa. Honda wana yao, Volkswagen wana yao, majina ni tofauti lakini wazo ni moja.

Udhaifu wake ni kwamba redio ya aina hii haisikii chochote. Inakisia. Inajua mnakwenda sitini, haijui kama mmefungua madirisha yote manne au mmefunga na kuwasha AC. Ndiyo maana kuna mfumo wa bei kubwa zaidi, kama ule Bose wanaouita AudioPilot, wenye maikrofoni ndani ya gari. Huo unasikiliza hasa: unatenganisha muziki na kelele, kisha unaongeza zaidi pale palipofunikwa.

Na kinachofunikwa kwanza ni besi. Mngurumo wa matairi na injini ni sauti nzito ya chini, hivyo inameza sauti nzito za muziki na vile vipande vya polepole. Udi unapotea, fidla na sauti ya mwimbaji zinabaki. Ndiyo maana bongo fleva, ambayo mara nyingi hurekodiwa kwa nguvu ile ile mwanzo hadi mwisho, inavumilia barabara kuliko taarab ya kale yenye kupanda na kushuka.

Kelele yenyewe inatoka wapi?

Kwenye mwendo mdogo unasikia injini na eksozi. Ukiongeza, matairi yanatawala, hasa juu ya lami yenye kokoto kubwa. Ukizidi hapo, upepo unakuja juu. Gari ikizeeka mambo huongezeka: mpira wa mlango unakauka na kuacha upenyo, tairi linalika upande mmoja na kuanza kulia, beringi inavuma. Chumvi ya bahari nayo haina huruma na bati.

Kuna na lile la mafundi wetu. Redio nyingi za Japani zimetengenezwa kwa masafa ya FM ya kwao, 76 mpaka 90, hivyo stesheni zetu za juu ya hapo hazishiki. Wengine hufunga kile kidude cha kuvuta masafa. Wengine hung'oa redio nzima na kuweka skrini kubwa ya Android. Sawa, inapendeza. Lakini mara nyingi waya wa mwendo unaachwa unaning'inia bila kuunganishwa, na sauti haijirekebishi tena. Kama unaipenda huduma hiyo, mwambie fundi mapema. Baadhi ya skrini hizo zinaweza kupima mwendo kwa GPS bila waya.

Mnagombana, au hamsikilizani?

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Nina shoga yangu, yeye na mumewe wanaishi Bububu na wote wanafanya kazi mjini. Wana watoto wawili na nyumba haikosi wageni. Ukipiga hesabu, muda pekee wa wao wawili ni ule wa ndani ya gari, kwenda na kurudi. Mwaka jana alipata kazi nzuri Dar. Mshahara mkubwa, cheo kikubwa, ila ni kuvuka bahari na kuishi huko siku za kazi. Walilijadili wiki mbili nzima, kila jioni, njiani. Na kila jioni walifika nyumbani wamenuniana.

"Shoga, ananifokea," aliniambia. "Hajawahi kunifokea maisha yangu. Ameshaamua hataki niende, basi tu hasemi."

Mwaka 1911 daktari wa Kifaransa, Étienne Lombard, alieleza jambo ambalo mpaka leo linaitwa kwa jina lake: mtu akiwa kwenye kelele anapaza sauti bila kukusudia, tena bila kujua. Kelele ikiondoka, sauti inashuka yenyewe. Yaani binadamu ana ASL yake kooni tangu kuumbwa.

Tia mambo haya pamoja. Gari inakwenda kasi, kelele zinaongezeka. Redio inajipandisha ili iishinde kelele. Mume naye anajipandisha ili aishinde redio na kelele zote mbili. Mke anasikia nini? Anasikia mtu anafoka. Anajibu kwa sauti ya juu vilevile, kwa sababu koo lake nalo linafanya kazi ile ile. Maneno ni ya kawaida, "tufikirie vizuri" au "watoto je?", lakini yamevaa nguo za ugomvi. Teknolojia ile imetengenezwa kuulinda wimbo. Mazungumzo hayamo kwenye hesabu zake.

Sikumwambia yote hayo. Nilimwambia tu: siku moja msipande nyumbani moja kwa moja, teremkeni Fuji, ule ufukwe wa Bububu wenye jina la mlima wa Kijapani. Zimeni redio. Zimeni na injini.

Wakafanya. Alinisimulia kwamba dakika za mwanzo ilikuwa tabu, kimya kilikuwa kizito, wakatazama ngalawa tu. Kisha mumewe akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba yeye hana neno na kazi ile. Anachoogopa ni usiku, watoto wakiumwa naye yuko peke yake. Wiki mbili alikuwa akilisema hilo hilo, ati, kwa sauti ya kushinda upepo. Kazi aliichukua. Wiki za mwanzo mama yake mzazi alihamia Bububu. Haiendi kama asali, lakini inakwenda.

Mkitaka kujaribu wenyewe

Anzieni magofu ya Mtoni, kisha mwendelee hadi Bububu. Kwenye njia panda kateni kulia mpaka hamamu ya Kidichi, aliyoijenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Shehrazad kutoka Uajemi. Ingieni chini ya kuba lake, mseme neno moja polepole, msikie linavyorudi. Kisha mshuke Fuji kabla ya jua kuzama.

Njiani, fanyeni haya:

• Tafuteni ASL kwenye menyu. Mkisikiliza muziki, iacheni kiwango cha chini. Mkitaka kuzungumza, izimeni pamoja na redio.

• Fungeni madirisha kwanza kabla ya kuongeza sauti. Mara nyingi hamtahitaji kuongeza.

• Lindeni masikio. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, ni saa 4 tu.

• Jambo zito lisemwe gari likiwa limesimama.

• Na mkipita msikiti adhana inalia, au penye msiba, shusheni redio wenyewe. Gari linapima mwendo. Adabu hailijui, na hiyo kazi bado ni ya mkono wako.

Jumapili njema.