Mercedes ya Mjomba: Kutoka Grogan hadi Kona Baridi

Mjomba alifundisha kwa miaka 34 kabla ya kustaafu, na kwa miaka yote hiyo alikuwa na ndoto moja ambayo hakumficha mtu. Kabla hajaingia kaburini, alisema, ni lazima aendeshe Mercedes yake mwenyewe.

Usimcheke, msomaji. Watu wa rika lake walikua wakiwaona wakubwa wakipita vijijini ndani ya magari hayo, wakiwaachia wananchi vumbi, hata wananchi wakawabandika jina la Wabenzi kana kwamba ni kabila jingine nchini. Kwa hivyo malipo yake ya uzeeni yalipotoka, alinipigia simu kutoka nyumbani.

"Mpwa wangu, nimeliona gari huko barabara ya Ngong. Njoo unisindikize nikalilipie."

Nilimwomba jambo moja tu. Kabla ya kwenda barabara ya Ngong, tupitie kwanza Grogan.

Bei iliyojificha

Jina rasmi la mtaa huo ni Kirinyaga Road. Jina la kale lilitokana na Ewart Grogan, mlowezi aliyesafiri kutoka Cape hadi Cairo na kumaliza safari yake mwaka 1900. Vibao vilibadilishwa zamani, lakini ukimwambia utingo wa matatu akushushe Grogan, hatakuuliza ni wapi.

Ukishuka upande wa Globe na kufuata mtaa huo karibu na Mto Nairobi, utaliona gari likiwa uchi. Kwingineko gari ni rangi na harufu ya ngozi. Hapa ni milango iliyoegemezwa ukutani, taa zilizopangwa kama mafungu ya nyanya sokoni, na injini zilizolazwa juu ya mbao zikichuruzika oili. Vijana hukimbia kando ya gari lako kabla halijasimama: "Unatafuta nini, mkubwa? Taa? Kioo? Giaboksi?" Wenyeji hutania kwamba kioo chako cha pembeni kikiibwa usiku, njoo hapa asubuhi ukinunue tena. Si ajabu basi kwamba wenye magari wengi jijini huchora namba za usajili kwenye vioo na taa zao.

Fundi ninayemfahamu hapo alimsikiliza Mjomba hadi mwisho. Hakumuuliza gari linauzwa pesa ngapi. Alimpitisha katika maduka matatu na kumtaka aulize bei ya taa ya mbele, pedi za breki, bushi za magurudumu ya mbele na kutengeneza giaboksi. Mjomba akaandika kila bei katika daftari lake, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni.

Alipotajiwa bei ya taa ya mbele, aliuliza kama hiyo ni ya jozi.

"La, mzee," fundi akamjibu. "Hiyo ni taa moja. Gari la kifahari hushuka bei likizeeka, lakini vipuri vyake havishuki nalo. Unaweza kulinunua kwa bei ya Toyota, lakini utalitengeneza kwa bei ya Mercedes."

Mjomba alifunga daftari. Hakusema neno hadi tulipofika kituo cha matatu.

Gari la daktari

Kuanzia Adams Arcade hadi Dagoretti Corner, barabara ya Ngong imejaa yadi za magari. Yote yameoshwa, matairi yamepakwa dawa yakawa meusi ti, na bendera ndogo zinapepea juu ya ua.

Magari yaliyotumika yanayoingia nchini kupitia Mombasa, mengi kutoka Japan na mengine Uingereza, hayaruhusiwi kuzidi miaka minane tangu yasajiliwe mara ya kwanza. Hicho ndicho kiwango cha KS 1515:2000. Ukionyeshwa gari lililotoka Japan hivi karibuni, dai karatasi ya mnada. Huonyesha hali ya gari, sehemu zilizogongwa na kilomita zilizokuwa zimetembea. Likiwa limetoka Uingereza, dai namba yake ya usajili ya huko. Kwa namba hiyo utasoma bila malipo, katika mtandao wa serikali yao, matokeo ya ukaguzi wa kila mwaka pamoja na maili zilizosomwa. Kama gari lilipunguza maili likiwa baharini, utajua.

Gari la Mjomba lilikuwa C200 ya rangi ya fedha, iliyoundwa mwaka 2010 na kuletwa nchini mwaka 2017. Karatasi ya mnada haikuwepo. Bei ilikuwa Sh1.4 milioni.

"Mzee wangu, hili lilikuwa la daktari mmoja mama," muuzaji akasema. "Ni la kwenda kazini na kanisani tu." Katika barabara ya Ngong, kila yadi ina gari la daktari mmoja mama.

Kipimo kilionyesha kilomita 68,000. Fundi aliinama akatazama pedali ya breki. Mpira wake ulikuwa umelika hadi mistari yote imetoweka, na kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea upande wa mlango. Akavuta mikanda ya viti mmoja mmoja hadi mwisho kusoma vitambulisho vilivyoshonewa huko, ambavyo huandikwa tarehe ya kuundwa. Mitatu ilikuwa ya mwaka 2010. Wa mbele kushoto ulikuwa wa 2014.

Kisha akatoa sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Ilishika mlango wa kulia. Mlango wa mbele kushoto ilianguka, kwani chini ya rangi palikuwa na puti nene. (Jihadhari, msomaji: baadhi ya magari ya kifahari yana boneti ya aluminiamu, ambayo sumaku haishiki hata ikiwa nzima.)

Mwishowe akachomeka mashine yake ya kusoma kompyuta ya gari. Hapakuwa na kosa hata moja. Muuzaji akatabasamu. Lakini fundi alionyesha mstari mwingine: tangu kumbukumbu ya makosa ifutwe, gari lilikuwa limetembea kilomita tatu tu.

Akaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto, ingawa tuliambiwa gari halijawashwa tangu asubuhi.

"Tutarudi kesho mapema," akasema. "Tafadhali msiliwashe kabla hatujafika."

Kesho yake tulifika kabla ya saa moja. Boneti ilikuwa baridi na ina umande. Fundi akawasha gari, na kwa muda wa sekunde tatu hivi tulisikia mtetemo kama wa sarafu ndani ya mkebe. Kisha kukawa kimya.

Alitueleza kwamba ndani ya injini mna cheni inayopanga kufunguka na kufungwa kwa valvu. Oili isipobadilishwa kwa wakati, cheni hiyo hulegea. Injini ikiwa baridi, oili bado haijapanda kuikaza, na hapo ndipo hupiga kelele. Ikishapata moto huwa tulivu kama nyingine yoyote. Siku cheni hiyo itakaporuka, valvu zitagonga pistoni, na injini itakuwa chuma chakavu.

Kona Baridi

Hata baada ya hayo yote, Mjomba alitaka kuliendesha. Muuzaji alikubali kwa sharti kwamba tutie petroli wenyewe na tufuatane na kijana wa yadi.

Tuliupita uwanja wa mbio za farasi, tukapita Karen, tukapanda hadi Ngong ambako mitambo ya upepo inazunguka juu ya vilima. Mjomba alishika usukani kwa mikono miwili na kuketi wima. Kila tulipopita watu kando ya barabara alipunguza mwendo kidogo. Sijapata kumwona mwenye furaha kama asubuhi ile.

Baada ya Kiserian barabara ya Magadi hupanda hadi Kona Baridi. Jina hilo halidanganyi, kwani upepo wake hupenya koti. Kisha ghafla nchi inakatika, na Bonde la Ufa linatandazika chini yako, jeupe kwa vumbi, hadi macho yachoke. Tuliteremka hadi Olepolos tukijaribu breki. Hazikuwa mbaya.

Tatizo lilianza tulipogeuza. Mlimani giaboksi ilisita kati ya gia ya pili na ya tatu, injini ikanguruma bila gari kuongeza mwendo, kisha tukarushwa mbele kama waliosukumwa mgongoni. Ikatokea tena, na tena. Katika barabara tambarare ya Ngong tusingeligundua hilo hata kwa mwezi mzima.

Mjomba alisimamisha gari juu ya kilele, akatoka na kulitazama bonde kwa muda mrefu.

"Nimelipenda," akasema hatimaye.

"Lipende, mzee," fundi akamjibu. "Lakini usilioe."

Mjomba akafungua daftari juu ya boneti na kujumlisha bei za Grogan: cheni na kazi yake, giaboksi, bushi. Jumla ilizidi Sh400,000. Hiyo, alituambia kwa sauti ya chini, ndiyo karo iliyobaki ya kitindamimba wake chuoni. Tuliporudi yadi muuzaji alikubali kupunguza Sh30,000 pekee. Wiki moja baadaye nilipita hapo. Gari lilikuwa limeuzwa.

Faili la kijani

Miezi mitatu baadaye Mjomba alipata Mercedes nyingine, ya zamani kuliko ile na iliyofifia rangi juu ya paa. Mwenyewe alikuwa muuguzi mstaafu wa Thika. Kabla hajatuonyesha gari alileta faili la kijani lenye risiti za gereji za miaka tisa, kila moja ikiwa na tarehe na kilomita. Risiti ya cheni mpya ilikuwemo.

Hata hivyo hatukutegemea faili peke yake. Fundi aliiwasha injini ikiwa baridi. Mimi nilitafuta rekodi za gari kwa NTSA, ambazo huonyesha mmiliki halali na kama benki au mkopeshaji analishikilia gari kwa deni. Tulilinganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kitabu cha umiliki. Tulihakikisha pia kwamba halikuingizwa nchini bila ushuru, kwani deni hilo lingeweza kumwangukia mnunuzi. Malipo yalifanywa baada ya hayo, na fedha zilizosalia Mjomba akaziweka katika chama cha akiba kwa ajili ya vipuri.

Ukitaka gari la kifahari lililotumika, msomaji, anzia mahali linapotengenezwa kabla ya kwenda linapouzwa. Lisikilize likiwa baridi, lipandishe mlima, na uwe tayari kurudi nyumbani kwa matatu.

Huko nyumbani sasa wanamwita Mbenzi, naye huitika. Mwezi jana alikuja Grogan kubadilisha oili na filta. Alipolipa aliomba risiti, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya faili la kijani.